Moyo haukai kwenye vigimbi, na upasuaji wa mgongo sio pata potea

Ndugu Mhariri,

Salaam. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, tangu enzi gazeti likifika huku Morogoro mchana na basi, na sijawahi kuwaandikia hata mara moja, lakini ile picha mliyoweka kwenye habari ya upasuaji wa mgongo imenishinda kunyamaza. Mgonjwa kalala kifudifudi mezani, kafunikwa mashuka ya kijani, miguuni kachomekwa visindano vyenye nyaya za rangi rangi, alafu chini mmeandika "mgonjwa akipimwa mapigo ya moyo". Moyo gani jamani unakaa kwenye vigimbi?

Ningeiacha ipite, manake makosa ya maelezo ya picha ni ya kawaida, ila wiki iliyofuata mkatoa barua ya ndugu mmoja wa Dodoma anayesema upasuaji wa mgongo ni pata potea, kwamba mdogo wake aliingia thieta anatembea, jioni akawa anachezesha miguu, na kesho yake asubuhi miguu haipo, yaani haichezi tena, na kwamba hao madaktari huko ndani wanakata tu gizani. Ndugu wa Dodoma, pole sana, na sikuandikii kukubishia. Ila nimefanya kazi ya kulaza wagonjwa kwa dawa ya usingizi miaka mingi, yaani ndo yule mtu anayekaa upande wa kichwa ambaye mgonjwa akiamka hata sura yake haikumbuki, na hilo la kukata gizani nadhani naweza kulisemea kidogo, na zile nyaya za kwenye picha ndo jibu lenyewe.

Kwanza hili neno mshipa linatutesa. Kwa Kiswahili chetu cha mtaani damu inapita kwenye mshipa, maumivu yanapita kwenye mshipa, mtu kateguka mguu ni mshipa, na mzee mwenye ngiri naye anaumwa mshipa. Sasa ukimwambia mgonjwa kwamba kuna mshipa umebanwa mgongoni anafikiria damu. Ninaoongelea hapa ni mishipa ya fahamu, neva, ile inayobeba amri kutoka kwenye ubongo kwenda kwenye misuli na kurudisha taarifa za maumivu na mguso. Ndani ya pingili za mgongo unapita ugwe laini, mnene kama kidole chako kidogo hivi, na kutoka kwenye ugwe huo neva zinachomoza mbili mbili kila pingili, kushoto na kulia. Kila neva ina misuli yake. Ya tano ya kiunoni ndo inayonyanyua kidole gumba cha mguu na kifundo, ya kwanza chini yake inakaza kigimbi ukisimama kwa vidole, za juu yake kidogo zinanyoosha goti. Kwa hiyo mtu akijua ni msuli upi umeshtuka anajua ni neva ipi imeguswa, na ndo maana sindano zinachomekwa kwenye paja, mbele ya muundi, kwenye kigimbi, kwenye unyayo, na wakati mwingine hadi kwenye msuli wa haja kubwa, samahani kwa wanaosoma wakiwa mezani, lakini huo msuli una neva zake na ukiharibika mtu anaumia maisha yote pengine kuliko hata mguu.

Tatizo letu la msingi ni kwamba mgonjwa kalala. Akiwa macho unamwambia chezesha vidole, anachezesha, basi umejua. Akiwa kwenye usingizi wa dawa huwezi kumuuliza kitu, na daktari yuko kule ndani anapiga skrubu kwenye mfupa ambao pembeni yake, milimita chache tu, neva inapita. Zamani ulikuwa unamaliza masaa sita ya kazi, unashona, unamwamsha, ndo unajua umemfanya nini. Mwaka 1973 Wafaransa, kina Vauzelle na Stagnara, wakaandika kuhusu njia rahisi kabisa, kwamba katikati ya upasuaji unapunguza dawa mpaka mgonjwa asikie, unamwita jina, unamwambia bana mkono wangu, akibana unajua anakusikia, alafu unamwambia haya chezesha miguu. Ikicheza unamlaza tena mnaendelea. Haina gharama yoyote na mpaka leo inatumika, wagonjwa wengi hata hawakumbuki. Ila inakupa jibu la dakika ile ile tu, ukimlaza tena ukaweka skrubu nyingine hujui kitu, na mgonjwa akiamka kwa fujo na mgongo uko wazi na mpira wa kupumulia uko kooni, hiyo presha ya mtu wa usingizi siku hiyo msiiulize.

Ndo zikaja hizi nyaya. Mwaka 1980 Waingereza wawili, Merton na Morton, walionyesha kwamba unaweza kushtua ubongo kwa umeme kutoka nje, juu ya ngozi ya kichwa, bila kufungua fuvu, na mkono au mguu ukajibu. Kwa mtu aliye macho inauma kweli, lakini aliyelala hasikii. Siku hizi thieta tunapiga mipigo mitano hivi mfululizo ya volti mia kadhaa, mifupi sana, kila mmoja haufiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, amri inashuka kwenye ugwe kama vile ubongo wenyewe umeamuru, inatoka kwenye neva, msuli unaruka, na sindano inasoma huo mruko unachorwa kama wimbi kwenye skrini. Ukisimama pembeni unaona kabisa shuka linatikisika. Taya nalo linabana kwa nguvu ya ajabu, ndo maana lazima uweke vizuizi laini kati ya magego pande zote mbili, ukisahau utakuta ulimi umekatwa na hiyo ni kazi ya mtu wa usingizi, hakuna wa kumsingizia.

Sasa ujanja wenyewe uko wapi, uko kwenye mikono. Unachomeka sindano miguuni lakini pia unachomeka kwenye kidole gumba cha mkono, hata kama upasuaji uko kifuani au kiunoni na mikono haihusiki kabisa. Mawimbi ya miguu na mikono yakipotea yote kwa pamoja, mara nyingi tatizo ni mimi, nimezidisha dawa au presha imeshuka au waya umechomoka. Lakini mikono ikibaki inajibu vizuri na miguu ikanyamaza, basi kuna kitu kati ya mkono na mguu, na kitu hicho ni pale daktari alipoweka mikono yake.

Skrubu nazo zina kipimo chao ambacho mimi nakifananisha na testa ya fundi umeme. Skrubu ikishakaa kwenye mfupa unaigusa na kijiti chenye umeme mdogo, unapandisha taratibu, miliampia moja, mbili, tatu. Kama ukuta wa mfupa ni mzima umeme unazuiliwa na msuli unakaa kimya mpaka ufike juu. Kama mfupa umepasuka umeme unavuja kwenda kwenye neva, ni kama waya uliochubuka, na msuli unaruka mapema. Pale kiunoni, umeme ukipita miliampia 10 bila msuli kuruka watu wanapumua, msuli ukiruka chini ya 6 au 8 unaitoa skrubu unachungulia tundu. Pale kifuani kipimo hiki hakiaminiki sana. Na neva iliyobanwa miaka mingi ikachoka inahitaji umeme mwingi kuamka, kwa hiyo inaweza kukudanganya kwamba skrubu iko salama kumbe neva yenyewe ni bubu. Alafu kuna kile cha kusikiliza tu bila kushtua chochote, spika imewashwa, misuli imetulia, ghafla unasikia inapasuka pasuka kama bisi kwenye sufuria, hapo daktari anajua amevuta neva na anaachia kabla hajaambiwa. Wengine hiyo sauti inawakera. Mimi niliipenda.

Kipo pia kipimo kinachopanda juu, unashtua neva pale kwenye kifundo cha mguu unasoma kichwani, hicho ndo cha zamani zaidi na kinafaa, lakini kinapita nyuma ya ugwe kwenye njia ya hisia, sio ile ya amri. Mtu anaweza kuwa na wimbi zuri la kupanda na akaamka mguu haunyanyuki. Ndo maana misuli nayo lazima iulizwe.

Sasa nifike kwenye ninalotaka kusema hasa, na inabidi nianze na aibu yangu mwenyewe.

Hospitali moja niliyofanya kazi, sitaitaja, ilipata mashine ya hivi kwa msaada. Ilifika kwenye boksi, ikakaa stoo ikifunikwa na shuka miezi na miezi kwa sababu sindano zake ni za kutumia mara moja na za kwanza zilikuja chache, na hakuna aliyefundishwa kusoma mawimbi. Siku ya siku ikafunguliwa, kaja mtu wa kuiendesha, wagonjwa wamepangwa, kila mtu kavaa kofia mpya. Nikamlaza mgonjwa kama nilivyolaza wagonjwa wote maishani mwangu, yaani dawa ya usingizi, dawa ya kulegeza misuli, mpira kooni, hewa ya usingizi. Mgonjwa akajitikisa kidogo wakati wanampindua kifudifudi, nikaongeza ya kulegeza. Mkono ulienda wenyewe kwenye bomba la sindano, miaka ishirini ya mazoea.

Mashine ikawashwa. Kimya. Mikono kimya, miguu kimya, chaneli zote mistari iliyonyooka kama barabara ya Dodoma. Yule mtu wa mashine akaanza kukagua waya mmoja mmoja, nusu saa, jasho linamtoka, wakahamisha plagi, wakalaumu ethi ya jengo, ule waya wa ardhini (na kweli ethi yetu ilikuwa mbovu, umeme wa ukutani ulikuwa unajaa kwenye skrini kama nyasi, lakini sio hilo). Daktari bingwa akageuka akaniangalia tu. Hapo ndo akili ikanirudia. Tuna kadude kadogo ka betri, unakaweka pale kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole cha mwisho, kanapiga neva mara 4 ndani ya sekunde 2, na kidole gumba kinatakiwa kuruka mara 4. Nikakapiga. Hakikuruka hata mara moja. Nilikuwa nimemfunga misuli mgonjwa kwa dawa yangu mwenyewe, na tunakaa tunaiuliza misuli maswali. Tulisubiri zaidi ya saa nzima dawa iishe.

Kwa hiyo Mhariri, mnapoandika "hospitali yapata mashine ya kisasa ya kulinda mgongo", mnaandika nusu ya habari. Dawa ya kulegeza misuli ikizidi inazima majibu yote ya misuli. Hewa za usingizi nazo zinafifisha mawimbi, halotheni, ile hewa ya zamani, ndo kabisa, na hata zile mpya zaidi ukifungua sana. Inatakiwa usingizi wa kupitisha kwenye mshipa (wa damu huu!) kwa pampu, ile dawa nyeupe kama maziwa pamoja na ya maumivu, na pampu hizo zinatakiwa ziwepo, ziwe mbili, ziwe na betri nzima kwa ajili ya umeme kukatika. Cha kuchekesha ni kwamba ketamini, hii hii yetu ya hospitali za wilaya ambayo watu wanaidharau kama dawa ya zamani, haiui mawimbi, kwa kiasi kinachostahili hata inayanyanyua. Wenzetu wa nchi tajiri wanaitumia makusudi kwa ajili hiyo. Sisi tulikuwa nayo kabatini muda wote.

Na anatakiwa mtu wa kuisoma mashine. Mwaka 1995 Nuwer na wenzake Marekani walitoa hesabu ya upasuaji wa mgongo 51,263 uliofanywa na madaktari wa migongo iliyopinda, kipimo kikiwa ni kile cha kupanda juu, wakakuta timu zenye uzoefu wa kupima zilikuwa na wagonjwa waliopata shida ya neva chini ya nusu ya wale wa timu zisizo na uzoefu. Wote hao walikuwa na mashine. Huyo mtu wa kusoma mawimbi kwetu hana hata jina la kazi, hana chuo, anatolewa huku na huku, leo yuko thieta kesho yuko kliniki. Na sio kwamba Afrika haiwezekani, hospitali ya FOCOS pale Accra, Ghana, iliyoanzishwa na daktari wa migongo Oheneba Boachie-Adjei, inanyoosha migongo ya watoto iliyopinda vibaya sana, wengine wanasafirishwa kutoka Ethiopia, na wanapima neva muda wote wa upasuaji.

Nina kisa kimoja tu kingine alafu nimalize. Binti wa miaka kumi na nne, kibiongo cha kuzaliwa nacho kilichokuwa kinazidi kila mwaka, upasuaji wa kumnyoosha kwa vyuma. Safari hii nilikuwa nimejifunza. Skrubu zote zimepita salama, wakaanza kuvuta vyuma vimnyooshe, mtu wa mashine akasema miguu imepungua. Dakika mbili baadaye akasema miguu hamna. Mikono? Mikono ipo. Thieta nzima ikanyamaza. Daktari akaachia vyuma, mimi nikapandisha presha ya damu ya wastani (iliyo kati ya ile ya juu na ya chini) ipite 85, nikaongeza damu, tukamfunika apate joto, nikapunguza dawa. Baada ya kama dakika ishirini mguu wa kulia ukaanza kujibu. Wa kushoto bado. Tukarudi kwa Wafaransa, nikamwamsha, nikamwita jina sikioni, bana mkono wangu mama, akabana. Chezesha vidole vya miguu. Kulia vikacheza. Kushoto nikasema tena, na tena, kikacheza kidole gumba tu, kidogo, kama mtu anayesita. Tukamlaza. Daktari akaamua vyuma vifungwe hapo hapo vilipo bila kuvuta tena.

Binti aliamka na miguu yake miwili, wa kushoto ulikuwa dhaifu wiki kadhaa kisha ukakaa sawa. Lakini mgongo haukunyooka kama ilivyoahidiwa, na mama yake alikuja kliniki kalalamika mbele ya watu kwamba wamelipa hela yote ile na mtoto bado kapinda. Hakuna aliyekaa naye kumweleza kwa nini. Nilikuwa napita koridoni nikasikia, na mimi pia sikuingia. Nadhani hilo linanisumbua kuliko ile siku ya dawa.

Ndugu wa Dodoma, siwezi kujua nini kilimpata mdogo wako bila kuona faili. Lakini umeandika kwamba jioni alikuwa anachezesha miguu na asubuhi haipo, na hilo ni jambo tofauti kabisa na skrubu kupitia pabaya. Damu inaweza kujikusanya ikabana ugwe masaa kadhaa baada ya upasuaji, mashine ya thieta ilishazimwa zamani, na hapo kipimo ni nesi wa zamu anayekuja kila saa kusema chezesha vidole. Na ndugu anayelala pale kwenye kiti pia ni kipimo, ukiona miguu inazidi kuwa mizito usisubiri raundi ya asubuhi, piga kelele, hiyo ni dharura ya usiku huo huo. Omba faili. Omba ile karatasi ya usingizi yenye presha za kila dakika tano na fomu ya wodini ya kupima miguu, uone ilijazwa saa ngapi mara ya mwisho.

Na wengine mnaosubiri kuwekewa vyuma, sio kila upasuaji unahitaji mashine hii, kutoa kipande cha diski kilichochomoza kiunoni watu wanafanya kila siku bila nyaya, na aliyeanguka na bodaboda ugwe ukakatika kabisa hakuna wimbi la kulinda. Lakini mgongo uliopinda unaotaka kunyooshwa, au uvimbe ndani ya ugwe, au kifua kikuu cha mgongo kilichokula pingili mpaka zikakunjana, hapo muulize daktari wako nikiwa nimelala mtajuaje kama miguu yangu ipo? Akikwambia tuna mashine, muulize nani anaisoma. Akikwambia tutakuamsha katikati, hilo nalo ni jibu zuri, usiogope, ila mwombe mtu wa usingizi aje akufanyishe mazoezi siku moja kabla, ujue utaambiwa nini. Akikasirika umemuuliza, basi.

Na ile picha, Mhariri, kama bado mnayo iwekeni tena mwandike "mgonjwa akipimwa misuli ya miguu wakati wa upasuaji wa mgongo". Inatosha kwenye ule mstari, nimehesabu herufi.

Wenu,
Mtu wa usingizi mstaafu,
Morogoro